Tuliazima Msiba wa Mukaka Kyakimwa

Nyinyi mliobaki ofisini mliniomba niandike kitu kabla sijasahau. Kusahau! Laiti ningeweza. Kuna mambo ya kazi hii ambayo hata sasa nikiyakumbuka nikiwa nachambua maharage uani, mkono unasimama wenyewe. Vyeo sitavitaja, maana hakuna mtu aliyeokolewa na cheo changu. Nitaeleza kazi yenyewe: kukaa na wananchi sawa kwa sawa, wao na sisi, tukabuni pamoja huduma wanayoitaka wao. Akitokea mtu akawaambia kwamba ni kazi laini ya kunywa chai na akina mama, mleteni kwangu Bwera nimweke sawa.

Siku ya kwanza nilitoka Kasese mjini asubuhi, tukakaa Kikorongo kusubiri dereva amalize kula mahindi ya kuchoma, nikafika Bwera jua likiwa utosini. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino. Mkuu wangu wa kwanza, Mzee Bwambale, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kwenye joto la kuivisha mkate, aliviangalia viatu vile kwa muda mrefu.

"Binti, hapa harusi iko wapi?"

Akanipa mabuti ya mpira yaliyokuwa makubwa kuliko miguu yangu, tukaenda kwenye mkutano. Wanakijiji walikuwa wametuwekea viti vya plastiki mbele, na meza yenye kitambaa na maua. Mzee alibeba kiti chake, akapita nacho katikati ya watu, akaenda kukiweka nyuma kabisa kando ya mama mmoja aliyekuwa akimenya karanga. Akachota karanga mkononi na yeye akaanza kumenya. Mimi nilibaki mbele peke yangu na maua yangu.

"Perpetua, kaa chini," akanipazia sauti. "Ama unataka kuhubiri?"

Watu walicheka, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mkutano ule ulikwenda vizuri kuliko yote niliyofundishwa chuoni. Mzee hakutumia karatasi. Alibeba majivu kwenye kopo kuukuu la siagi. Alimwaga mstari wa majivu chini akasema huu ni mto, akaweka magunzi ya mahindi akasema hizi ni nyumba, kisha akanyamaza. Haipiti dakika moja, utaona mtu anainuka na kusogeza gunzi kwa kidole cha mguu: "Hapana, kwa Baluku iko huku." Mwingine anafuta mto wote na kuuchora upya. Hapo ndipo kazi inapoanza. Alinifundisha pia nisiulize swali ambalo jibu lake tayari ninalo mfukoni, maana watu wa huku ni wapole, watakupa jibu lako na chai juu yake. Alipostaafu aliniachia kopo lile na kipaza sauti chenye kitufe kibovu.

Sasa nije kwenye kesi iliyoninyima usingizi.

Kuna kijiji kimoja kando ya Mto Lubiriha, chini ya Mpondwe, jina nitalihifadhi. Nusu ya watu ni Wakonzo, wakulima wa kahawa na mihogo tangu enzi za babu zao. Nusu ni Wakongomani waliokimbia kutoka pande za Beni na Butembo, wakavuka, wakapangisha, wakaanza kuuza sokoni mpakani. Mto unatoka mlimani. Ubaya wake ni kwamba kwenu jua linawaka, nguo zimeanikwa, kumbe huko juu mvua inamwagika tangu asubuhi. Maji yanakuja na magogo na mawe, na ukiyaona umechelewa. Yalikuwa yamekwisha kuchukua watu. Wananchi walituita wenyewe. Walitaka kitu kimoja tu: njia ya kuwapandisha watu wote wa kingoni mpaka kilima cha kanisa kabla maji hayajafika. Basi. Hilo ndilo tulilokaa nalo msimu mzima, na kila mtu pale alijua kwamba tukikosea, tutazika.

Habari kutoka juu haikutusumbua. Vijana wa bodaboda kwenye kona ya juu walikubali kupiga simu wakiona maji yamegeuka rangi. Shida ilikuwa sauti ya kuwaambia mamia ya watu kwa mara moja. Mwenyekiti wa kijiji, Masereka, mwanamume mwenye kifua na sauti, alisema ngoma hapana.

"Ngoma ikilia kwa Wakatoliki, Waprotestanti watasema hiyo ni misa yao, watalala. Ikilia kwa Waprotestanti, mimi mwenyewe nitalala."

Rimu ya gari ya kugonga? Hiyo ni ya shule, ikigongwa watoto watatoka kucheza. Ndipo Maman Kavira, mfanyabiashara wa mawese kutoka Butembo, mama mwenye akili inayochomoka upesi, akatoa shauri.

"Ngoma iko na kanisa. Rimu iko na shule. Tutafute king'ora. King'ora haiko na mwenyewe."

Lo, tulipiga makofi! Tulipiga kura kwa punje za mahindi, afisa punje moja na bibi wa kijiji punje moja. King'ora kikashinda. Kikapatikana, kile cha kuzungusha mpini kwa mkono, tukakifunga kilimani. Niliona fahari, sitadanganya. Wananchi wamechagua wenyewe, ofisi haikuwasukuma. Nikaalika wageni kutoka Kasese waje kuona jaribio.

Siku hiyo tulijipanga kilimani, wageni na suti zao, mimi na kipaza sauti changu. Watu walikuwa wameelezwa, wakaelezwa tena: mkisikia, pandeni. Masereka akakunja mikono ya shati, akashika mpini, akazungusha. Sauti ikaanza chini chini ikapanda, ikapanda, mpaka meno yakaniuma. Nikatazama njia ya kilimani. Hakuna mtu. Nikasema labda wanafunga milango. Nikatazama tena. Hakuna mtu!

Kisha mgeni mmoja akaninyooshea kidole chini mtoni.

Yesu na Maria. Kijiji kizima kilikuwa kinakimbia kuelekea mtoni. Akina mama wameinama, watoto mgongoni, wazee wanavutwa mikono, wote wanaingia kwenye matete ya kingoni na kupotea. Tena kimya! Hakuna aliyepiga kelele, hakuna mtoto aliyelia. Nilishika kipaza sauti nikapiga yowe, "Juu! Juu! Pandeni huku!" na kitufe kikagoma. Nikageuka kumwambia Masereka asimamishe. Masereka hayupo. Mpini unazunguka wenyewe taratibu ukielekea kusimama. Mwenyekiti aliyekipigia kura king'ora, aliyekuwa akikizungusha kwa mkono wake, alikuwa ameuachia akateremka kilima mbio, kiatu kimoja kimebaki.

Niliteremka na mabuti yangu nikianguka na kuinuka. Nilipofika nilifungua matete nikamkuta Maman Kavira amechuchumaa ndani ya maji mpaka magotini, kiganja chake kimefunika mdomo wa mjukuu wake. Aliniangalia kama hanijui.

"Maman, ni mimi Perpetua. Ni jaribio tu."

"Ninajua," akasema, na machozi yakimtoka. "Ninajua ni jaribio, Mama. Miguu ndiyo haijui."

Ndipo nikaelewa, nikakaa kwenye matope. Watu hawa wote, wa huku na wa ng'ambo, walipitia miaka ya waasi. Sauti kali ya ghafla kwao ilikuwa na maana moja: toka nyumbani, teremka penye majani marefu, ziba mdomo wa mtoto, usipande mahali pa wazi utaonekana. Tulikuwa tumekaa pamoja msimu mzima, tukachora majivu, tukapiga kura, na hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka hilo, si mimi wala wao. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mwenye kovu mwenyewe pia alikuwa amedhani kapoa. Kama maji yangekuja siku ile, tungekuwa tumewaita watu wote waje wafe.

Wageni waliondoka bila kula wali wetu. Mmoja aliniuliza kwa upole kama wananchi "walielimishwa ipasavyo." Nilimtazama hivi, nikaona nikifungua mdomo nitafukuzwa kazi.

Tulirudi kukaa. Masereka alikuwa ameinamisha kichwa, aibu imemkaa usoni, na watu walikuwa na heshima ya kutomtania. Mwishowe niliwauliza swali ambalo kwa kweli sikuwa na jibu lake: sauti gani mkiisikia, miguu yenu inaifuata yenyewe?

Maman Kavira akajibu polepole. "Kilio. Mutu akikufa, tunasikia kilio, tunaacha sufuria kwenye moto, tunaenda. Bote. Hata adui anaenda."

Ni kweli tupu. Huku kwetu kilio cha msiba kikisikika, jembe linawekwa chini. Asiyekwenda kuwalilia wafu wa wenzake, wake wataliliwa na nani? Kilio hakimfukuzi mtu kujificha, kinamvuta. Akina mama wakisimama kilimani wakalia, kijiji kitapanda.

Lakini ala! Nyumba tuliyokutania ililipuka kwa kelele. Masereka aliruka juu.

"Kumlilia mtu aliye hai? Hiyo ni uchuro! Unaita kifo, unakiambia karibu, chakula iko tayari!"

Akina mama wakashika vichwa. Mmoja alichukua mtoto wake akatoka nje kabisa asisikie zaidi. Na mimi, msomi mzima, mkristo wa kubatizwa, niliogopa kama wao. Tena kulikuwa na tatizo la jina. Msiba lazima uwe na jina, la sivyo kila maziko yatakimbiza watu na magodoro. Na majina yetu mnayajua, tunapewa kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Ukilia "Masika amekufa!" nusu ya wanawake wa bonde watajipapasa kuona kama wapo. Alihitajika mtu mmoja, mwenye jina lake peke yake, akubali kuliliwa akiwa hai. Nani mwenye kichaa hicho?

Nyuma, penye mlango, mtu alikohoa. Alikuwa Mukaka Kyakimwa. Mukaka ni bibi, na Kyakimwa ni jina la binti wa sita. Si mama wengi wanaofikisha mabinti sita, kwa hiyo bonde zima lilikuwa na Kyakimwa mmoja tu. Mmoja alitosha! Bibi yule alikuwa mgomvi, aliwahi kunifukuza shambani kwake na fimbo kwa sababu nilikanyaga mche wa vanila. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kingoni.

"Nililieni mimi," akasema.

Watu wakageuka kumtazama.

"Mmekuwa mabubu? Nimesema nililieni mimi. Nimezika waume wawili. Wanangu watatu wamechukuliwa na mto huu mkiangalia. Kifo kinajua njia ya kwangu, hakingoji kuitwa na nyinyi. Lakini mlie vizuri. Nikisikia mtu ananililia kivivu, nitapanda huko na fimbo."

Sikujizuia, nililia pale pale. Masereka alikwenda kupiga magoti mbele yake, mwanamume na kifua chake, akasema "Wasingya, Mukaka," yaani asante, akiwa hawezi kumaliza. Naye akamwambia ainuke, anamzibia upepo.

Tukapanga. Akina mama wanaokaa karibu na kanisa ndio wangeanza. Jina la Kyakimwa likililiwa kutoka kilimani, ni mto. Majaribio tulifanya mchana, na huwezi kuamini: miguu ilipanda! Watu walikuja wengine wamefunga vitambaa kichwani kabisa, machozi ya kweli yanawatoka, wanamkuta marehemu amekaa kwenye benchi na bakuli la bundu, ugali wa muhogo, na mboga ya sombe, anawakosoa. "Wewe umenisifu kidogo. Hukutaja mbuzi niliyekupa." Ofisini nililazimika kueleza huduma hiyo kwenye ripoti. Niliandika "ishara ya sauti inayokubalika na jamii", na namshukuru Mungu hakuna aliyeuliza.

Maji yalikuja siku ya soko, jua kali. Mimi nilikuwa Mpondwe natafuta samaki. Nilisikia kilio kutoka mbali, "Kyakimwa weee! Kyakimwa umetuacha!" Niliacha samaki. Nilipofika kilimani watu walikuwa wanamiminika na watoto na mbuzi na redio. Chini kulisikika kishindo kama malori yanamwaga mawe. Kisha mto ukatoka mahali pake. Nilishuhudia nyumba ya Kyakimwa ikinyanyuka, ikageuka, ikaondoka na mlango wake umefungwa. Nikapiga kelele, "Bibi yuko wapi? Bibi yuko wapi?"

Alikuwa mgongoni kwa Maman Kavira, wa mwisho kupanda, akimchapa begani aongeze mwendo. Walipofika juu akashushwa, akavuta pumzi, akaangalia umati ule wote.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Ni wewe, Mukaka," Masereka akasema.

"Basi matanga yangu hayana hata chai?"

Nyumba zilikwenda. Mashamba yalikwenda. Watu wa kingoni walikuwa kilimani wote. Tuliwaita kwa majina, tukarudia, tukawaita tena. Wote. Nilikaa kwenye nyasi mpaka mtu akanifunika kitenge.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi moja ya kiangazi kikavu, nilikuwa kijijini kuaga nikasikia tena kilio. Kyakimwa! Kyakimwa! Sikufikiri, nilipanda. Kila mtu alipanda. Magodoro vichwani, kuku chini ya kwapa, masufuria yananing'inia. Tukafika juu tunahema, tukageuka kuuangalia mto. Ulikuwa mwembamba, mtoto angeuvuka bila kulowa goti. Tukatazamana. Masereka alianza kufoka, nani amecheza na kilio, nani?

Binti yake bibi akaja akipanda polepole, hana kitu mkononi.

"Hapana mto," akasema. "Ni Mama. Alikunywa uji, akalala. Mimi nililia, hawa wa juu wakanisikia wakapokea."

Jamani, tulikuwa tumemlilia mara nyingi kiasi hiki, na bado kifo chake kilitugonga kama hatujawahi kusikia kwamba mtu anaweza kufa. Maman Kavira aliachia godoro likaanguka. Kisha akafungua mdomo, na sote tukafuata. Binti aliangalia mizigo yetu akasema, "Basi kama mmeleta magodoro, laleni." Tukalala. Sijaona matanga yaliyojaa vile, na hakuna mtu aliyehitaji kwenda nyumbani kuchukua blanketi.

Matanga yalipoisha, watu hawakuondoka. Masereka aliniomba nikae. Nikachukua nafasi nyuma, kama nilivyofundishwa. Akasema mvua ziko karibu na mto hauwezi kungoja. Msiba wa Kyakimwa sasa ni wake mwenyewe, hatuwezi kuuazima tena. Linahitajika jina jingine. Nikaitikia, nikatazama huku na huku kuona nani atajitolea. Kumbe wao walikuwa wananitazama mimi.

"Mama Perpetua," Maman Kavira akasema kwa upole, "hapa Perpetua iko mumoja tu."

"Na umejenga hapa hapa Bwera, huondoki," mwingine akadakia.

"Na jina lenyewe linalilika," Masereka akaongeza. "Perpetuaaa! Linafika mbali."

Nilitaka kusema mimi ni mtumishi wa serikali, sheria haziruhusu, lakini sheria gani? Miaka yote niliwaambia hapa hakuna mkubwa, kila mmoja alete alicho nacho. Niliona uso wa mwanangu, nikaliona kaburi, haki ya Mungu nililiona. Niliogopa vibaya sana. Wao walikuwa wamekwenda mpaka mwisho wa maneno yangu, wakakaa huko wananisubiri. Nikainua mkono.

Binti yangu aliyeko Kampala nilipomweleza kwa simu alipiga ukelele mpaka nikaondoa simu sikioni. "Mama, umekubali nini?" Jaribio la kwanza nilihudhuria. Nililetewa chakula na benchi. Nikasikia sauti za wanawake ninaowafahamu zikiniaga, zikinitaja kwa mema ambayo mengine sikuyafanya, na sikuweza kumeza hata tonge moja.

Kwa hiyo, wanangu, mkiwa kazini huko chini, majivu yenu yako ardhini na magunzi yamepangwa, mkasikia wanawake kilimani wanalia Perpetua, Perpetua, msisimame kuulizana nimekufa lini. Pandeni.